Nani Awanyweshe Ng'ombe wa Saruni

Haya niliambiwa na Bibiana, mjane wa Inspekta Alfonsi Ntandu, tulipokuwa tukipukuchua mahindi nyumbani kwake Karatu, mwaka wa pili baada ya mumewe kuzikwa. Yeye aliambiwa na mumewe kidogo kidogo, maana yule mzee hakuwa mtu wa kumwaga maneno. Kesi yenyewe ilitokea kule Mbulumbulu, mwezi wa Julai mwaka 1984, mwaka ule wa ukame, halmashauri za wilaya zilipokuwa ndiyo kwanza zimerudishwa. Nami nayaandika kama nilivyoyapokea.

Maiti ilikuwa imelala katikati ya zizi, na ng'ombe walikuwa wameizunguka.

Hawakuikanyaga. Walisimama vichwa chini, pua zinavuta hewa, na kila mara mmoja wao alitoa mlio mzito uliotoka tumboni, na wengine wakamjibu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni hadi kwenye mashamba ya ngano. Watu waliosimama nje ya zizi walijifunga mablanketi. Ule mlio uliwaingia mifupani kuliko baridi.

"Wamenusa damu, Afande," alisema Sajini Lembris, kijana wa Kimaasai kutoka Monduli. "Watalia hivi mpaka aondolewe."

"Waache walie. Wewe tazama ardhi."

Inspekta Alfonsi aliinama juu ya marehemu. Kichwa kilikuwa kimepasuka juu ya paji la uso, kwa mbele. Mikono haikuwa na jeraha, wala kucha hazikuvunjika. Mtu huyu hakujikinga. Alimtazama aliyempiga, na hakudhani kama atapigwa.

"Nani huyu?"

"Nikodemu," alijibu mwenyekiti wa kijiji. "Mlinzi wa zizi. Mtu wa Dodoma. Alikuja kuvuna ngano, akabaki. Hana mke, hana ndugu hapa."

Mwenyekiti huyo, Mzee Josephati Lohay, alikuwa mrefu, koti lake limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea mikutano.

"Na muuaji tunaye, Afande. Tumemfungia ofisini. Mmaasai mwenye ng'ombe hawa, anaitwa Saruni. Alikutwa hapa alfajiri ana rungu mkononi."

"Amekiri?"

"Hasemi kitu. Atasema nini?"

Ng'ombe hao walikamatwa karibu wiki nzima iliyopita, wamevuka msitu kutoka upande wa Ngorongoro, wakaingia kwenye ngano ya kijiji. Wakafungwa katika zizi la kukamatia mifugo, kama ilivyo sheria, mpaka mwenyewe alipe faini.

"Hakuja kulipa?"

"Alikuja. Nikamwambia asubiri halmashauri."

"Halmashauri imekuja?"

"Hujaijua halmashauri, Afande?" Mzee Josephati alitabasamu kidogo. Kisha akanyoosha fimbo yake kuelekea mlimani. "Tazama kule."

Ukungu ulifunguka kama pazia. Kwenye ukingo wa msitu walikuwa wamesimama wanaume wenye shuka nyekundu na mikuki, kimya, mguu mmoja umepumzika juu ya mwingine.

"Wanaongezeka tangu asubuhi. Wanamtaka mtu wao. Na vijana wangu nao wanamtaka mtu yule yule." Akateremsha fimbo. "Jua likizama hujaamua, itabidi uende kuleta lori la kubebea maiti. Land Rover yako haitatosha."

Inspekta aliwahesabu wale wa mlimani. Mwaka uliotangulia, kwenye mpaka huo huo wa ngano na malisho, watu waliuana, na hakuna aliyepelekwa mahakamani. Naye alikuwa na sajini mmoja na bunduki moja.

Alirudi langoni. Zizi lilikuwa la miiba, na lango lake lilifungwa kwa miti mitatu iliyopitishwa katikati ya nguzo, mmoja juu ya mwingine. Miti yote ilikuwa mahali pake asubuhi ile, kabla watu hawajaifungua. Aliigusa mmoja mmoja. Wa juu na wa chini ilikuwa imeganda matope na samadi ya miaka. Ule wa kati ulikuwa safi, na bado una unyevu. Mwishoni palikuwa na ufa, na katika ufa ule unywele mfupi, mweusi, umebanwa.

"Sajini. Ukija kuwachukua ng'ombe wako kwa nguvu, ukamuua mlinzi, unafanya nini?"

"Naswaga naondoka, Afande."

"Na lango?"

"Lango la nini tena? Lango si langu."

"Huyu ameosha mti kule kijitoni, akarudi, akaupachika mahali pake vizuri. Kisha akaenda zake."

Lembris alikuna kidevu. "Basi hakuwa anawataka ng'ombe."

"Alikuwa anawataka. Ila aliwataka wabaki ndani."

Mti ule ulifungwa katika gunia kama kielelezo. Maiti ikafunikwa, ikabebwa mpaka kwenye gari isubiri kupelekwa hospitali kwa uchunguzi. Ng'ombe wakaacha kulia mara moja, kama walioamriwa. Wakalala chini mmoja mmoja, wakaanza kucheua.

Inspekta alikuwa mtoto wa Singida, alichunga kabla hajavaa viatu. Alisimama pale akiwatazama wakicheua, na uso wake ukabadilika. Akasogea, akasukuma samadi kwa ncha ya buti. Ilikuwa laini. Akamshika jike mmoja mwekundu ubavuni, akainama, akatazama kiwele.

"Niitie bwana mifugo," alisema.

Bwana mifugo aliitwa Valeriani, kijana mnene mwenye sweta na kalamu mbili mfukoni. Alikuja akihema.

"Ng'ombe hawa wamekaa humu karibu wiki," Inspekta alisema. "Nani anawanywesha?"

"Hilo swali, Afande, ni la serikali ya kijiji. Mimi ni mtu wa chanjo na kupe."

"Mwenyekiti?"

"Ni la halmashauri," alisema Mzee Josephati. "Sheria ndogo ni yao, zizi ni lao. Sisi tumetoa kiwanja na mlinzi."

"Na halmashauri inasemaje?"

Valeriani alikohoa. "Nilimuuliza diwani. Alisema sheria ndogo inataka mifugo iliyokamatwa itunzwe. Akaishia hapo. Nani wa kutunza, diwani alisema litazungumzwa kikao kijacho."

"Kikao ni lini?"

"Baada ya mavuno."

Sajini Lembris alicheka, lakini si kwa furaha. "Sasa ng'ombe wajue kuwa wasione kiu mpaka mavuno!"

"Usinicheke mimi, Sajini," Valeriani akasema. "Mimi nilisema. Nilimwambia Mwenyekiti: Mzee, hawa watakufa mbele ya macho ya watoto. Akasema nisiingilie."

"Nilisema tusubiri wenye mamlaka," Mzee Josephati alimrekebisha polepole. "Hakuna aliyeniambia nipeleke ndoo."

"Kwa hiyo hakuna aliyewanywesha," Inspekta alisema.

"Hakuna."

"Hata tone."

"Nakwambia hakuna, Afande."

"Basi hawa ni ng'ombe wa ajabu," Inspekta alisema. "Ng'ombe asiyekunywa siku zote hizo hacheui. Samadi yake inakuwa kama mawe. Na hawa majike wangekuwa wanalia kwa viwele kuvimba, maana ndama wao wameachwa kwao. Lakini viwele viko laini. Wamekunywa, na wamekamuliwa. Jana."

Watu waliokuwa nyuma walianza kunong'onezana. Mzee Josephati hakunong'ona na mtu. Aliwatazama ng'ombe, na Inspekta akaona taya lake likikaza. Hakuonekana kushangaa hata kidogo, na Inspekta akaliweka hilo moyoni.

Saruni alikuwa amekaa sakafuni katika ofisi ya kijiji, mikono imefungwa kwa katani. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa kipigo. Nje ya dirisha vijana wa kijiji walikuwa wakinoa mapanga kwenye jiwe la ngazi, taratibu, makusudi asikie.

"Mfungue," Inspekta alimwambia Lembris. Kisha akachuchumaa. "Saruni. Nilikaa Wasso miaka mingi. Mimi si mgeni kwa watu wenu. Ulifuata nini zizini alfajiri?"

Saruni aliendelea kusugua vifundo vya mikono.

"Ulimuua Nikodemu?"

"Hapana."

"Nani anakamua ng'ombe wako?"

Jicho moja lililokuwa zima lilifunguka zaidi.

"Ng'ombe wenu hamwachii mgeni maziwa," Inspekta aliendelea. "Mimi nikikaa chini yake na kibuyu atanipiga teke. Bila ndama ubavuni, labda amtolee mtu mmoja tu, anayemjua kwa sauti. Yule mwekundu ni wa nani nyumbani kwako?"

"Wa mke wangu."

"Yuko wapi mke wako?"

Saruni alimgeukia Lembris, akasema maneno mengi kwa Kimaa, haraka, sauti chini. Lembris alisikiliza, akaguna.

"Anasema, Afande, ukimwapia kwamba hakuna atakayemgusa mkewe, atamwita. Anaogopa vijana hawa."

"Mwambie nimeapa."

Walitoka kwa mlango wa nyuma mpaka penye miti. Saruni alipiga mluzi mmoja mrefu. Hawakungoja sana. Mwanamke alitoka kwenye majani marefu karibu kabisa, karibu kuliko walivyodhani, ushanga kifuani, shuka imelowa umande. Alikuwa amelala pale tangu walipomkamata mumewe.

"Takwenya," Lembris alimsalimu.

"Iko."

Jina lake Naeku. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, Lembris akawa mkalimani, lakini mengine alisema mwenyewe.

"Nikodemu mtu mzuri," alisema. "Siku ya pili tu, ng'ombe wanalia, yeye anashindwa kulala. Anakuja mpaka msituni, anaita, anasema: Mama, njoo, ng'ombe zako zinakufa, mimi siwezi kutazama. Jioni anafungua miti. Mimi nachukua ng'ombe, nakwenda nao mtoni, nakamua, narudisha. Kila jioni."

"Mbona hukukimbia nao?"

Alimtazama Inspekta kama mtu aliyetukanwa. "Na yeye wamfanye nini? Tulipeana neno."

"Jana pia?"

"Jana pia. Nikampa kibuyu, kama kila siku. Nikaondoka, yeye yuko hai. Anacheka. Anasema ng'ombe wangu wana tabia nzuri kuliko mwenyekiti." Akafuta uso kwa upindo wa shuka. "Asubuhi mume wangu akaenda kuchukua kibuyu. Wakamshika."

"Nikodemu alikuwa anakunywa maziwa yote?"

Naeku akatikisa kichwa. "Yeye hanywi. Anapeleka kwa mtoto. Alisema kuna mtoto mdogo hapa, hana mama, anakufa na njaa. Aliniomba kwa ajili ya huyo."

"Mtoto wa nani?"

"Hakusema. Alisema ni afadhali nisijue."

Inspekta alisimama. Juu ya mlima shuka nyekundu zilikuwa nyingi zaidi. Upande wa kijiji mtu alianza kupiga ngoma ya kuitana. Kibuyu kile kilikuwa ndani ya nyumba moja katika kijiji kile, na aliyekipokea jana ndiye aliyemwona Nikodemu mwisho. Lakini angepekua nyumba ngapi kwa sajini mmoja, watu wakiwa katika hali ile?

Aliporudi ofisini alimkuta Mzee Josephati mlangoni.

"Hujatia kitu tumboni tangu Karatu, Afande. Nyumbani ni hapo tu. Mtu hafikirii vizuri na njaa."

Inspekta akamwachia Lembris ulinzi wa ofisi, akamfuata.

Nyumba ilikuwa ya matofali, bati jipya. Ukutani palikuwa na picha moja, kijana aliyevaa shati jeupe, na juu ya picha rozari. Katika chumba cha ndani mtoto mchanga alilia kidogo, akanyamaza. Mama wa nyumba, Cresensia, alitoka kumsalimu mgeni. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakumtazama mumewe.

"Leta chai ya rangi," Mzee Josephati alimwambia.

"Ndiyo, Baba."

Inspekta aliitazama ile picha. "Mwanao?"

"Mwanangu. Aliuawa mwaka jana kwa mkuki, pale mpakani. Alikwenda kufukuza ng'ombe wasile ngano ya kijiji. Si ngano yake, Afande, ya kijiji. Wenzako walikuja, wakauliza maswali, wakanywa chai, wakaondoka."

"Na huyo mtoto?"

"Wake. Mamaye alijifungua baba yake yuko kaburini. Naye hakukaa, akamfuata mumewe."

Cresensia aliingia na sinia, vikombe viwili vya bati na viazi vya kuchemsha. Aliweka kikombe mbele ya mgeni, akaweka kingine mbele ya mumewe, akarudi nyuma ukutani, akasimama pale badala ya kwenda jikoni.

Chai ilikuwa na maziwa.

Mzee Josephati alikitazama kikombe chake, asikiguse.

Inspekta aliinua chake. Kabla hakijafika mdomoni, harufu ilimfikia. Aliijua. Miaka yote ya Wasso aliinywa pamoja na maziwa. Ni harufu ya moshi wa oloirieni, ule mti ambao wanawake wa Kimaasai huwasha kijinga chake, wakakisugua ndani ya kibuyu mpaka kikawa cheusi, ndipo watie maziwa. Ukishainusa mara moja huisahau. Na nyumba ile haikuwa na ng'ombe hata mmoja uani.

Alikunywa funda moja. Akaweka kikombe.

"Mama, maziwa haya yametoka wapi?"

"Ametoa Padri, kule misheni," Mzee Josephati alijibu.

"Nimemuuliza Mama."

Cresensia alikuwa ameshika upindo wa khanga kwa mikono yote miwili.

"Mzee wako aliagiza chai ya rangi, Mama. Nilisikia."

"Mgeni hapewi chai ya rangi, Afande," alisema kwa sauti ndogo. "Kama maziwa yapo ndani, mgeni hapewi chai ya rangi. Si desturi yetu."

Bibiana aliniambia kwamba mumewe hakujua, mpaka anakufa, kama mama yule aliimimina chai ile kwa desturi tu, au kama alikuwa amekaa asubuhi nzima akitafuta namna ya kusema bila kufungua mdomo. Nami sijui.

"Kiko wapi kibuyu?" Inspekta aliuliza.

Mzee Josephati alisema, "Cresensia."

Alisema jina tu. Lakini mama alikwisha kugeuka. Aliingia ndani, akarudi na kibuyu chembamba chenye ushanga shingoni, akakiweka mezani kati ya wanaume wale wawili. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Nikodemu alikileta jana jioni. Mtoto alikuwa ameacha hata kulia. Uji alikuwa anautapika. Tangu aanze maziwa haya ameanza kushika kidole changu. Nilimficha Baba. Nilisema ni ya misheni."

"Na jana?"

"Jana alirudi mapema kutoka mkutanoni. Akanikuta namnywesha."

Inspekta alimgeukia mwenyekiti. "Mzee Josephati Lohay. Si lazima useme lolote. Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika kama ushahidi."

Nje ngoma ilizidi. Mzee Josephati alifungua kifungo cha juu cha koti lake, kama aliyekosa hewa.

"Mimi nilikua na ng'ombe," alisema. "Harufu ile niliijua nikiwa mlangoni bado."

"Ukafanya nini?"

"Nikamuuliza huyu. Akanieleza. Nikaenda zizini. Giza lilikuwa halijakaza. Nikodemu alikuwa amerudi, anamalizia kupachika miti."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimuuliza: unamnywesha mjukuu wangu nini? Mtoto wa mtu aliyeuawa na hawa, unamlisha kwa hawa?"

"Akajibu?"

"Akacheka." Mzee Josephati aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Hakucheka kwa ubaya. Ndivyo alivyokuwa, kila kitu utani. Akasema: Mwenyekiti, tumbo la mtoto haliulizi ng'ombe ni wa kabila gani. Akanyoosha mkono anipe ule mti wa kati, nimsaidie kupachika. Akanipa mwenyewe mkononi, Afande. Na mimi nikaupokea."

Cresensia alikaa chini sakafuni.

"Pigo moja," alisema mwenyekiti. "Sikujua kama nina nguvu hizo bado."

"Kisha ukaosha mti."

"Nikaosha. Nikamvuta ndani, nikadhani watamkanyaga, itaonekana ni ng'ombe. Hawakumkanyaga hata kwa kwato moja."

"Na ukapachika miti yote mitatu."

"Wasitoke."

"Kwa nini, Mzee? Ulikwisha kumuua mtu. Ng'ombe walikuwa na maana gani tena?"

Mzee Josephati aliitazama picha ya mwanawe. Alipozungumza sauti ya mikutano ilikuwa imekwisha.

"Nilitaka wafe. Tangu siku ya kwanza. Nilitaka yule Saruni asimame pale nje ya miiba awatazame wakifa mmoja mmoja, asiweze kitu, kama mimi nilivyosimama. Si kwa mkuki. Mimi si muuaji, nilijiambia. Mwenyekiti hawezi kuwaua ng'ombe wa watu. Lakini niliulizwa: nani awanyweshe? Nikaona kila mmoja anamtazama mwenzake. Bwana mifugo ananitazama mimi, mimi naitazama halmashauri, halmashauri inangoja mavuno. Nikaona kumbe sihitaji kufanya kitu. Ninyamaze tu, na kiu itafanya. Na hakuna atakayeniuliza."

"Saruni ndiye aliyemuua mwanao?"

"Hapana."

"Unajua si yeye?"

"Najua. Mwaka jana ng'ombe wake walikuwa mbali, kwenye kreta ya Ngorongoro. Najua, Afande." Akakisogeza kile kikombe kikawa mbali naye. "Mtu mmoja tu katika kijiji hiki aliwaona wana kiu akachukua hatua. Na huyo ndiye niliyemuua."

Sasa ilibaki kuzuia damu.

Inspekta hakumtoa mwenyekiti kwa pingu mbele ya vijana. Alimwambia, "Waambie mwenyewe." Na Mzee Josephati akasimama kwenye ngazi ya ofisi yake, akawaambia maneno machache kwa Kiiraqw, lugha ya kijiji kile. Ngoma ikakatika katikati ya pigo. Mapanga yakabaki mikononi mwa watu wasiojua wayaweke wapi. Mwanamke mmoja akaanza kulia, kisha mwingine.

Saruni akatolewa. Inspekta akamwonyesha mlima. "Panda. Peke yako. Wakuone unatembea."

Alipanda polepole, akichechemea, katikati ya ngano. Wote wa pande mbili walimtazama. Alipofika juu zile shuka nyekundu zilimzunguka, zikakaa hivyo muda mrefu, hata Lembris akaanza kuishika bunduki vizuri. Kisha mikuki ikaonekana ikilazwa chini, na wale watu wakaketi kwenye majani.

Zizini, Inspekta aliivuta miti iliyobaki, akaitupa pembeni.

"Afande," alisema Valeriani, "nani ametoa amri wafunguliwe?"

"Mimi."

"Kwa sheria ipi? Faini haijalipwa. Nitaulizwa."

"Useme polisi ameingilia kazi ya halmashauri. Wakija kunishitaki watakuwa angalau wamekuja."

Naeku aliwatangulia ng'ombe kuelekea mtoni akiwaimbia. Walimfuata kwa mstari, yule mwekundu mbele. Walikunywa mpaka jua likaegemea.

Aliporudi alikuwa na maziwa. Hakuambiwa na mtu. Alipita katikati ya kijiji, watu wakimpisha, mpaka mlangoni kwa Cresensia, akasimama hapo bila kubisha. Cresensia alitoka na mtoto begani. Walitazamana, mmoja ambaye mumewe amesingiziwa, akapigwa mpaka jicho likafumba, na mwingine ambaye mumewe amekaa ndani ya gari la polisi kando ya maiti ya mtu aliyemuua. Hakuna lugha waliyoijua wote vizuri.

Naeku akanyoosha kibuyu.

Mtoto akageuza kichwa kuelekea ile harufu, akafungua mdomo. Cresensia akapokea.

Inspekta aliyaona hayo akiwa amesimama kando ya Land Rover, mkono kwenye mlango. Alingoja mpaka mtoto alipokwisha kunywa na kulala begani kwa bibi yake. Ndipo akampa Lembris ishara ya kuwasha gari.

Karatu walifika watu wakifunga maduka. Marehemu Nikodemu alipelekwa chumba cha maiti. Saruni na mkewe, kule mlimani, walikuwa wamekwisha kujilaza kando ya ng'ombe wao, karibu na moto. Inspekta aliandika maelezo ya onyo, akayasoma, mtuhumiwa akatia sahihi kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyewahi kufundisha ngumbaru. Kisha akamsindikiza mahabusu mwenyewe, akampa blanketi la ziada maana Julai ya Karatu haina huruma.

Alikuwa amekwisha kufunga mlango wa vyuma aliposikia sauti.

"Afande."

"Nakusikia, Mzee."

"Mtoto amelala?"

"Amelala. Alisinzia kabla hatujaondoka. Ameshiba."

Hakuuliza ameshiba nini. Inspekta alisimama gizani kwa muda akingoja swali hilo, lisije. Alisikia tu blanketi likivutwa sakafuni, na pumzi ya mzee ikikwaruza, ikipungua, ikitulia. Josephati alikuwa amelala usingizi.